Kavenya Hakunasisha Kulabu

Jina la Kavenya Kilonzo liliandikwa na kaka yake. Muange ndiye aliyesikia kwamba chama kimoja cha yoti pale Diani kinatafuta watu wasiojua lolote kuhusu matanga, kiwafundishe kwa wiki sita, kisha kiwapeleke kwenye mashindano ya kwenda Pemba. Akaandikisha majina mawili, lake na la dadake, bila kumwuliza. Siku chache baadaye pikipiki yake iliteleza kwenye mvua karibu na Msambweni. Akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Walimzika nyumbani kwao Shimba Hills, kwenye shamba la skimu ya makazi. Kavenya alipika, akapanga viti, akawashukuru waliokuja. Hakulia. Wengine walisema ana moyo mgumu, wengine wakasema ana imani.

Alienda kwenye mazoezi kwa sababu ilikuwa Jumamosi na hakuwa na zamu hotelini.

Mwalimu wao alikuwa Bi Esha Mbarak, mwanamke wa makamo kutoka Vanga, aliyekuwa ameshafika Pemba kwa tanga mara saba. Alisimama mchangani akaita majina.

"Muange Kilonzo?"

"Amefariki," Kavenya akajibu, kwa sauti ile ile anayotumia mapokezini kumwambia mgeni kwamba chumba hakijasafishwa bado.

Bi Esha akaishusha karatasi. "Pole sana, mdogo wangu. Na wewe utaendelea?"

"Nitaendelea."

Walikuwa watano. Kulikuwa na Sefu, fundi wa friji, mcheshi aliyeogopa maji waziwazi. Kulikuwa na Rai, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alitapika kila walipovuka mwamba kuingia bahari kuu. Wengine wawili walikuwa mtu na mkewe kutoka Ukunda. Walijifunza kuzungusha winchi ya kukazia kamba, kupunguza tanga upepo ukizidi, na kutambaa kuhamia upande wa pili yoti inapogeuzwa. Kila mmoja alivaa mkanda kifuani, wenye kamba fupi na kulabu. Ukitaka kuondoka ulipokaa, unainasisha ile kulabu kwenye waya uliopita ubavuni mwa yoti.

"Kulabu kwanza, ndipo unyanyue mguu," Bi Esha alisema mpaka wakaiota.

Kavenya alijifunza haraka kuliko wote. Kulikuwa na zoezi la mtu aliyeanguka majini: Bi Esha alitupa boya la rangi ya machungwa, na mmoja wao akatakiwa kulinyooshea kidole bila kuondoa macho hadi yoti igeuzwe na kulifikia. Wenzake walilipoteza katikati ya mawimbi. Kavenya hakulipoteza hata mara moja.

"Huyu ukimwacha atalinyooshea mpaka Krismasi," Sefu alisema, wakacheka. Kavenya naye akatabasamu, kwa kuwa walikuwa wakimtazama.

Jumamosi ya tano upepo ulikuwa mkali. Nje ya mwamba, yoti ikiwa imelala ubavu, kamba ya tanga dogo la mbele ilinasa kwenye chuma cha omo, ncha ya mbele ya yoti. Tanga likaanza kupiga kama linataka kuchanika. Kabla Bi Esha hajamtaja mtu, Kavenya alikuwa ameshanyanyuka. Alikwenda mbele kwa miguu, maji yakimpiga magotini, akaichomoa kamba, akarudi akaketi. Wenzake walimpigia makofi.

Bi Esha hakupiga. Alimkabidhi Sefu usukani, akamwinamia Kavenya, akaokota kulabu yake iliyokuwa ikining'inia, akainasisha mwenyewe kwenye waya.

Walipofika ufukweni alimwita kando.

"Kwa nini hukunasisha kulabu?"

"Nilisahau, Bi Esha."

"Hukusahau. Tulipokuwa tunatoka ulimkagulia Sefu ya kwake. Niliona. Uliogopa kule mbele?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

Kavenya alifikiri kwa dhati, kwa sababu swali lilikuwa la dhati. "Hata kidogo."

"Basi Pemba hutakwenda nasi. Ungeanguka, ningegeuza yoti kwenye mawimbi yale nikiwa na watu wanne, na wewe ungekuwa umetulia tu majini ukitutazama. Nenda nyumbani, mdogo wangu. Ukae na watu wako. Ukitaka kurudi, nitakupokea."

"Sawa," Kavenya alisema. Akavua mkanda, akausuuza kwa maji baridi ya bomba, akautundika.

Wiki ya mashindano aliomba ruhusa kazini, akaenda Shimba Hills. Mamake alikuwa barazani akibambua mbaazi. Kavenya akavuta kigoda, akamsaidia, huku akimsimulia habari ya yoti. Mamake hakuwa amejua lolote. Aliposikia habari ya kulabu mikono yake ikasimama.

"Maji yalikuwa mengi?"

"Mengi, Mwaitu," Kavenya akamjibu mamake.

"Na ulikuwa unajua hujajifunga?"

Kavenya akaendelea kubambua mbaazi. Mamake alilipiga beseni kwa kiganja, mbaazi zikaruka sakafuni.

"Na mimi ungeniacha na nani?" akafoka. "Nimebakiwa na nani, Kavenya?"

Wiki zote zile kule baharini Kavenya hakuwa amemfikiria mamake hata mara moja. Alitaka kusema samahani. Lililotoka ni, "Sijui." Akapiga magoti, akaanza kuokota mbaazi moja moja. Mamake alimtazama kwa muda, kisha akashuka naye sakafuni.

Siku ya tatu simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa Sefu: wamefika, wa sita kati ya yoti nane, na Rai ametapika kutoka Diani mpaka Pemba bila kupumzika. Kavenya akamsomea mamake kwa sauti.

"Maskini," mamake alisema. "Huyo Rai ni nani?"

Kavenya akaiweka simu chini, akaanza kumweleza.