Nusu ya Éphraïm

Muuzaji yeyote wa écouteurs, visikilizio vya masikioni, mjini Butembo ana sifa moja tu kinywani, nayo ni basse, ule mdundo mzito. Muulize kama waya ni imara, atakujibu basse. Muulize kama zinakaa vizuri sikioni, basse. Nadhani hata ukimuuliza njia ya kwenda kanisani atakuwekea kitu sikioni kwanza. Mimi basse sikuitaka. Nilitaka écouteurs za bei ninayoiweza, ambazo sikio la kushoto linasikia jambo lake na la kuume linasikia jambo lake, na sikujua namna ya kulieleza hilo bila watu kudhani nimepungukiwa na akili.

Sababu ni kaka yangu mkubwa Éphraïm, yaya yangu kama tusemavyo kwetu. Tulipokuwa bado kwetu Mulekera, upande wa Beni, tulikuwa na simu moja, yake, ambayo spika ilikufa siku ilipolowa mvua shambani. Tulikuwa na écouteurs moja vilevile. Kila jioni baada ya kula tuliketi kwenye benchi barazani, yeye akatia ya kuume sikioni, mimi nikatia ya kushoto, waya ukaning'inia katikati yetu. Kwa hiyo mimi sijawahi kusikia wimbo mzima. Nilizijua nyimbo zote kwa moyo, lakini nusu.

Na zenyewe hazikuwa nyimbo za kusikiliza nusu. Sergent Grady, mwanajeshi wa Kinshasa aliyepanga chumba kwa jirani, ndiye aliyemmwagia Éphraïm kwenye kadi ya simu muziki wake wote kabla ya kuhamishwa. Aliuita métal progressif. Wimbo mmoja unaweza kuanza maharagwe yakiwa hayajachemka na ukaisha yameiva. Ngoma zake hazitembei kama ngoma nyingine. Ukidhani umeshika mwendo, umeshachezewa. Éphraïm alinihesabia mapigo kwa kidole kwenye goti langu, na nilipokosea alinipiga kofi dogo. Baba, ambaye ni mwimbaji wa chorale ya kanisa, alisikiliza mara moja tu, akaturudishia na kusema hao ni mafundi wa mabati wanaogombana juu ya paa. Tulicheka sana kwa sababu ni kweli kidogo.

Wanamuziki hao hugawana masikio. Gitaa moja hukaa kushoto, jingine kuume, na muda wote yanaulizana na kujibizana. Mimi nilisikia maswali, Éphraïm akasikia majibu.

Wimbo wetu wa mwisho kila jioni ulikuwa uleule. Kwenye simu haukuwa na jina, uliandikwa tu Piste 7. Katikati yake gitaa langu lilikatika ghafla, ikawa kimya. Na kilikuwa kimya kirefu, unavuta pumzi, unaitoa, unavuta tena. Hapo Éphraïm alifumba macho, akatulia, kisha akatabasamu, ndipo gitaa langu likarudi.

«Kwako kuko nini?» nilimuuliza.

«Kuko kitu.»

«Kitu gani, yaya?»

«Siku utanunua zako, utasikia.»

Nilijaribu kumnyang'anya mara nyingi. Aliziba sikio kwa kiganja na kunicheka. Wimbo ukiisha aliuvaa waya shingoni, akaniambia, «Haya, twende tulale.»

Mwaka wa 2021, asubuhi moja, alikwenda kwenye shamba letu la kakao, akaacha simu kwa jirani mwenye panneau ya jua ili ijae moto. Écouteurs zilikuwa shingoni mwake kama kawaida. Asubuhi hiyo wauaji waliingia mashambani. Wengine walipatikana wakazikwa. Éphraïm hakupatikana, si mzima, si maiti. Wazazi wangu walibaki Mulekera kumngoja, na mimi wakanituma Butembo kwa tantine Thérèse, mdogo wake mama, anayekaa mtaa wa Furu. Walinipa na ile simu, kwa kuwa wao hawakuweza kuitazama.

Butembo watu ni wema. Wanakutia moyo, wanakupa courage kila kona. Courage, Kanyere. Courage, mutoto. Nimepewa courage nyingi mpaka sijui niiweke wapi. Kwa tantine kuna watu wengi, vyungu vingi, kelele nyingi, na katikati ya hayo yote nilikuwa peke yangu kama kiatu cha mguu mmoja. Hakuna aliyejua Piste 7. Nani angenihesabia mapigo kwenye goti?

Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja cha Éphraïm ambacho sijakijua. Kikohozi chake nakijua, namna anavyofunga mlango kwa kisigino naijua, uongo wake wote naujua. Lakini kile kilichokuwa kikilia sikioni mwake kwenye kimya changu, hicho kilikuwa bado kipya. Nilikitaka mpaka kifua kinauma. Na nilikiogopa, kwa maana nikishakisikia, Éphraïm atakuwa amemaliza kuniambia mambo yake.

Basi nikaanza kusuka watu nywele nipate pesa.

Écouteurs za kwanza nilinunua kwa mtu anayetembeza vitu barabarani. Sokoni kwetu ukifungua pakiti, umenunua, kwa hiyo nilizijaribu nyumbani. Sikuigusa Piste 7. Nilitumia wimbo mwingine, ambao gitaa linaanzia kushoto na kutembea taratibu hadi kuume. Mimi nilizoea kulisikia likiniacha na kwenda zake kwa Éphraïm. Kwenye hizo halikwenda popote. Lilisimama katikati ya kichwa kama ng'ombe barabarani. Huko ndani nyaya zilikuwa zimeunganishwa, masikio mawili, sauti moja. Nilizichomoa upesi kama mtu aliyeona nyoka, na nikampa binamu yangu asikilizie mahubiri.

Za pili zilisifiwa na soko zima, na kweli zilitenganisha pande, lakini basse ilikuwa imemeza kila kitu. Magitaa yalisikika kwa mbali, kama watu waliofungiwa stoo, na juu yao mtu anatwanga majani ya sombe kinuni. Nikafikiri kwamba kama kile kitu cha Éphraïm ni kidogo, kama ni kinanda kinachogusa tu au mtu ananong'ona, basi kitafia humo. Nilizivua nazo. Usiku wa kusuka umepotea, vidole vinauma, na hasira ilinishika hata tantine akaniuliza ni nani amenikosea.

Ndipo nikaingia kwa mama Kasika. Ana duka dogo karibu na soko, anauza mataa, chaja, betri, na maneno.

«Wabukire, mama.»

«Eee. Uko natafuta nini, mutoto?»

«Niko natafuta écouteurs. Mais hapana ya basse mingi.»

Alinitazama kana kwamba nimeomba chumvi isiyo na chumvi. «Hapana ya basse? Sasa unataka kusikiliza nini, misa?»

«Nataka gitaa ya kushoto ikae kushoto, na ya kuume ikae kuume.»

«Na bikichanganyika, bitaoana?»

Nafikiri aliona kwamba sikuja kucheka, maana aliinama chini ya meza akatoa kifuko cha nailoni kilichokuwa wazi. Ndani mlikuwa na écouteurs nyeupe, nyembamba, hazina hata mpira wa kuziba sikio.

«Hii batu balisharudishaka mara mbili,» alisema. «Banasema iko maskini. Haina nguvu, haizibi sikio, unasikia hata mbuzi ya jirani. Mi nilikuwa nataka kuitupa.»

«Naweza kujaribu?»

«Ilishafunguka, sasa uogope nini?»

Nikachomeka kwenye simu, nikaweka wimbo wa gitaa linalotembea. Lilianza kushoto, kwangu. Likaondoka. Nililifuata likivuka kichwani polepole, hatua kwa hatua, mpaka likafika kuume na kukaa huko, safi kabisa, kila uzi unasikika. Machozi yalinitoka nikayafuta kwa kiwiko, nikasingizia vumbi.

Mama Kasika alinyoosha mkono. «Leta na mi nisikie kitu yenye inakulizaka.»

Nilimpa ya kuume. Tukasimama, meza katikati yetu, waya juu ya betri zake. «Yesu!» alisema. «Hawa batu bako napigana na nani?» Lakini hakuitoa. Alianza kutikisa kichwa, akapotea, akaanza tena, akapotea tena. «Kila mara naingia, bananifukuza!» Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu nitoke Beni. Kwa kitambo kidogo kulikuwa na mtu upande wa pili wa waya, na niliona ninaweza kusimama pale mpaka duka lifungwe.

Kisha mteja akaingia kutafuta betri, na mama Kasika akaitoa sikioni. Waya ukaniangukia kifuani.

«Uko nasikilizaka hii na nani?» aliniuliza alipomaliza na mteja.

«Na yaya yangu.»

«Iko wapi?»

«Beni.»

Watu wa Butembo wakisikia Beni kwa sauti ile, hawaulizi la pili. Alipunguza bei bila mimi kuomba, akanifungia écouteurs kwenye gazeti kama mtu anayefunga nyama. «Wasingya, mama,» nilimshukuru, na akapunga mkono kana kwamba ninamchelewesha.

Nilikaa nazo siku nyingi bila kuzigusa. Mara nilijiambia nyumba ina kelele, mara simu haina moto. Ukweli ni kwamba mradi sijasikiliza, Éphraïm alikuwa bado ana neno la kuniambia, na mtu mwenye neno la kukuambia hajaisha. Hayo niliyafikiri nikichambua mchele wa tantine, na aliponiuliza mbona natabasamu nikasema kichwa kinaniuma.

Jumapili moja mchana wote walikwenda kwenye ndoa ya mtoto wa jirani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, bati bado linadondosha matone. Nilibaki. Niliketi kwenye benchi mbele ya nyumba, nikatia ya kushoto, nikatia ya kuume, nikafungua Piste 7.

Sikuwa tayari kwa ukubwa wake. Maswali yangu yote ya miaka ile yalikuwa na majibu, na majibu mengine yalikuwa mazuri kuliko maswali. Niliwaza, huyu bwana alikuwa anakula peke yake. Mapigo yakaanza kukaza, nikajua tunakaribia. Gitaa la kushoto likakatika kama siku zote.

Na la kuume likakatika pamoja nalo.

Nilingoja. Hakuna kinanda, hakuna mnong'ono. Kimya, kisha yote yakarudi kwa kishindo. Nikarudisha nyuma. Kimya. Nikafikiri waya umekatika, nikavua ya kushoto, nikaikandamiza ya kuume kwa kidole, nikaongeza sauti hadi mwisho. Kulikuwa na mvumo mdogo wa simu yenyewe, basi. Hakukuwa na kitu. Hakikuwahi kuwepo.

Nilimtukana. Nilimwita muongo kwa sauti, pale barazani, kwa Kinande na kwa Kiswahili. Nimesuka watu vichwa mpaka vidole vikavimba, kumbe bwana mkubwa alikuwa ananichezea tu. Nililia kwa hasira, kisha nikalia kwa yale mengine.

Nikaiweka tena, sijui kwa nini. Labda kwa ukaidi. Safari hii kimya kilipofika sikungoja kitu tena kutoka kwenye waya, na kwa kuwa écouteurs zile haziwezi kuziba hata sikio la panya, nikasikia Furu. Tone la bati. Pikipiki inayoshuka kilima injini imezimwa. Mtu anapita njiani kwa viatu vya plastiki, anakuja, anakaribia, anapita. Nilikuwa nimefumba macho. Niligundua kwamba nimeacha kupumua mpaka yule mtu apite.

Hapo nikamwona Éphraïm kwenye benchi letu. Kila jioni aliketi upande wa njia, mimi nikakaa upande wa ukuta. Nilidhani anapenda upepo. Sikio lake la kushoto, lisilo na kitu, lilielekea kwenye migomba. Tabasamu lake halikuja kimya kilipoanza, lilikuja mwishoni. Hakuwa anatabasamu kwa sababu amesikia kitu. Alitabasamu kwa sababu hakusikia. Hakuna anayekuja. Haya, twende tulale.

Jioni moja tu hakutabasamu. Alichomoa waya sikioni mwangu akasema, «Simama. Vaa viatu.» Tulilala kanisani, kwenye paroisse, pamoja na nusu ya mtaa, na risasi zilianza tukiwa tumeshafika. Mimi nilimnunia hadi asubuhi kwa sababu wimbo ulikuwa haujaisha.

Alinipa muziki ili niwe na kitu cha kusikiliza upande wangu. Yeye alikuwa anasikiliza Mulekera. Na asubuhi ile ya kakao alikwenda peke yake, hana wa kumsikilizia.

Nikavua ya kushoto nikaiacha ining'inie. Nikasogea kwenye benchi mpaka upande wa njia, nikaacha pale ukutani nafasi ya mtu mmoja. Nikarudisha wimbo. Kimya kilipokuja nilifumba macho, nikasikiliza kilima chote, nikahakikisha. Hakuna aliyekuwa anakuja. Niligeuka nimtabasamie mtu wa ukutani, na hapakuwa na mtu.