Dumu la Kusini

Ndoto yangu ya usiku wa jana ilianza kwa hodi. Nikafungua mlango, nikalikuta dumu la njano la lita ishirini limesimama kizingitini, mchana kweupe, linachuruzika maji ya chumvi.

Nililijua. Ni lile la kusini, moja ya madumu manne ambayo kamati yetu ya wachokoa pweza imeyafunga baharini kuonyesha mpaka. Ndani ya mpaka mwamba umefungwa miezi mitatu, hagusi mtu, pweza wapate kukua. Nje ya mpaka, ruhusa.

"Siwema," likasema dumu, "nirudishe."

Sikushangaa kwamba linasema. Nilishangaa kwamba limenijua. Ijumaa iliyopita, watu wakiwa msikitini, nililisogeza mimi mwenyewe hatua kumi na mbili, ili tundu la mama yangu libaki nje ya mpaka. Mama alinionyesha tundu lile mimi peke yangu, na tangu nipate akili zangu halijakosa pweza. Nilishapanga: leo asubuhi, maji ya bamvua yakikupwa na kuuacha mwamba wazi, naenda na mchokoo wangu, ule ufito wa chuma, namtoa.

"Ngoja nile kwanza," nikaliambia.

"Huli. Mpaka ni pale nilipo."

Nageuka nyuma. Nyumba yangu nzima imo ndani ya eneo lililofungwa. Jikoni, Bi Somoe, shoga wa marehemu mama na mlinzi wetu wa mwamba, amekalia mbuzi yangu ya kukunia nazi, filimbi shingoni.

"Weka mwiko chini, mwanangu. Sufuria hii inafunguliwa tarehe ishirini."

"Shikamoo, Bi Somoe. Lakini huo ni wali wangu."

"Marahaba. Nani kakataa? Ni wako. Uache ukue."

Nikautazama. Ulikuwa umeshaanza kukua; ulikuwa umeinua mfuniko.

Nikajitwisha dumu. Nilipovuka ua wa makuti nilikuwa tayari mwambani, nimejitanda kanga ya mama, ile niliyoifungia sandukuni tangu msiba na sijaigusa tena.

Jamani, bahari! Haikuwa imekupwa, ilikuwa imesimama. Maji yamesimama wima pale nilipolihamishia dumu, marefu kupita minazi, yanatetemeka. Ndani yake nyangumi anapita polepole juu ya kichwa changu, na kivuli chake kinachukua muda mrefu kwisha.

"Samahani, mama," yakasema maji, kwa adabu, kama wageni waliosimamishwa mlangoni. "Tumechanganyikiwa. Tuambie tuishie wapi."

Nimezaliwa pwani hii, nina miaka arobaini na saba, na sikuwahi kujua kwamba kitu kikubwa namna ile kinangoja dumu la mafuta ya kula ndipo kijue kikomo chake. Nikayaambia yaningoje kidogo.

Maana tundu lilikuwa pale, miguuni pangu, na mchokoo nilikuwa nao. Nikauingiza. Mkono kutoka ndani ukaupokea, ukauweka pembeni vizuri, kama mtu anayempokea mgeni mwavuli. Pweza akachungulia. Alikuwa amekonda, rangi imemtoka.

"Hati yako," akasema.

"Sina hati. Tundu hili la mama yangu. Nimelirithi."

"Kwangu nami ni la mama yangu. Yeye sikumwona, alikufa siku niliyoanguliwa. Wako alikufa lini?"

"Mwaka juzi, Shaabani."

"Pole."

"Nawe pole."

Tulikuwa wafiwa wawili. Kisha akajisogeza ukutani, akanipisha nione dari.

Dari yote ni mayai. Yananing'inia vishada kwa vishada, kila yai dogo kama punje ya mchele, na ndani ya kila yai macho mawili meusi. Maelfu ya macho, na yote yananitazama mimi. Nikapiga magoti. Sijapata kuogopa na kufurahi kwa wakati mmoja kiasi kile.

"Umekula lini?" nikamuuliza, kwa sauti ya chini.

"Sili. Tangu nilipowatundika sijatoka, na sitatoka mpaka watoke wao. Hapo nami nitakuwa nimekwisha." Akanitazama. "Mama yako alikuwa akija hapa. Anachungulia, akiona mayai anakwenda zake. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Au aliniambia, nami nikawa nasikiliza habari ya tundu tu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nikalibeba dumu hatua kumi na mbili, nikalirudisha kwenye jiwe lake. Kamba ilikuwa imekatika. Nikachana pindo la kanga ya mama, nikafunga mafundo mawili.

"Hapa," nikayaambia maji.

"Ahsante," yakasema, yakaja yote.

Niliamka jua limeshapanda. Bi Somoe alikuwa anagonga mlango, filimbi shingoni, miguu ina mchanga.

"Siwema, bado umelala? Lile dumu la kusini limerudi mahali pake. Nimetoka kuliona sasa hivi."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Limefungwa kwa kipande cha kanga." Akaniangalia. "Kanga ile naijua. Tulinunua sare na mama yako, harusi yako wewe."

Nikamwomba anisubiri. Nikaenda kufungua sanduku. Kanga ya mama ilikuwemo, imekunjwa vilevile nilivyoikunja siku ya arobaini. Ilikuwa imelowa, na upande mmoja haukuwa na pindo.

"Maji yanakupwa," akaita Bi Somoe kutoka mlangoni. "Huendi?"

Nilitoka nimejitanda ile kanga mbichi. Mchokoo niliuacha umeegemea ukuta.

"Naenda," nikamwambia. "Kuchungulia tu."