Chumba cha Wageni

Katika kiwanda kile cha kufulia, mashuka na taulo za hoteli ziliingia chafu kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa mbele zimekunjwa, zimenyooka kama vitabu vipya. Msimamizi wa zamu ya mchana alikuwa mama mmoja mtu mzima, mnene kiasi, aliyeitwa Mama Kipenga. Jina alilipata zamani, kengele ya kiwanda ilipoharibika na yeye akawa anaita watu kazini kwa kipenga cha mwamuzi wa mpira. Kengele ilitengenezwa, kipenga kikapotea, jina likaganda.

Ofisi yake ilikuwa kibanda cha vioo, kimeinuliwa juu ya ngazi fupi katikati ya ukumbi. Akiketi humo aliona kila kona: mvuke ukipaa kutoka kwenye mashine, wanawake wawili wawili wakipokea mashuka kwenye rola ya moto inayoyanyoosha, mmoja ncha hii, mwenzake ncha ile. Wafanyakazi walikuwa wakitaniana kwamba ukipiga mwayo pale ukumbini, Mama Kipenga anajua jana ulilala saa ngapi.

Kwa hiyo hakukawia kugundua kwamba Mzazi anatoroka kazini.

Mzazi alikuwa mpiga pasi kijana aliyekuwa ametoka likizo ya uzazi hivi karibuni. Wenzake walimpokea kwa jina hilo siku aliyorudi, na mpaka sasa hakuna aliyemwita vinginevyo. Kabla ya kwenda kujifungua, alikuwa tegemeo la rola kubwa. Mikono yake ilikuwa myepesi na hakuwa na maneno mengi. Sasa alikuwa akiponyoka asubuhi, akiponyoka tena mchana, na mwenzake anabaki ameshika ncha ya shuka kama mtu aliyekimbiwa katikati ya dansi. Mama Kipenga alimwonya kwa upole, kisha akamwonya kwa ukali. Kila mara Mzazi aliinamisha macho, akaomba radhi, akasema ni tumbo. Mama Kipenga hakulisadiki hata kidogo tumbo hilo. Kichwani mwake aliona simu. Vijana wa siku hizi, alijiambia, wakishika simu hata nyumba iungue hawanusi moshi.

Siku moja akaamua kumfuata. Alimwona akiingia choo cha wanawake, akangoja kidogo, naye akaingia. Mlango wa kijumba cha mwisho ulikuwa umerudishwa tu, maana komeo lake lilishang'oka. Akausukuma.

Mzazi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameupa mlango mgongo. Sare yake ilikuwa wazi kifuani, na mkononi alikuwa na kikombe cha plastiki. Alikuwa anajikamua maziwa. Aligeuka, akajifunika haraka kwa kanga aliyokuwa nayo begani. Kisha akainuka, akampita Mama Kipenga, akaenda kwenye beseni la kunawia na kukiinamisha kile kikombe. Maziwa yakateremka kwenye tundu la beseni.

"Unayamwaga?" Mama Kipenga aliuliza.

"Sasa mama, ya chooni nitampelekea mtoto?" Mzazi alisema, wala hakuwa na hasira. "Nisipokamua kifua kinawaka moto, na yatakauka. Nikikamua sina pa kuyaweka. Basi namwaga."

Akaeleza mengine huku akisuuza kikombe. Mtoto alikuwa anabaki na mama mkwe, ambaye alimpa maziwa ya kopo, na mtoto alikuwa anayatapika. Mume wake, dereva wa lori, alishamwambia aache kazi, watajibana hivyo hivyo. Mzazi mwenyewe alikuwa amekwisha kubali moyoni, hajapata tu ujasiri wa kuja kuaga. Na tumbo alilisingizia kwa sababu asingeweza kutaja mambo ya kifua mbele ya mafundi wa kiume.

Mama Kipenga alirudi kwenye kibanda chake akakaa. Kwa miaka mingi alikuwa na maneno yake ambayo kila mwanamke pale aliyajua kwa moyo: sisi tulilea, na kazi tulifanya. Na ni kweli alilea. Alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za watu, povu hadi viwikoni, mtoto mgongoni. Akilia anazungushwa mbele, ananyonya, kazi inaendelea. Lakini leo, akiwatazama wale wanawake chini ya mvuke, ilimjia kwamba yeye alikuwa na mwanawe mgongoni. Mzazi mgongoni ana nini? Ana nembo ya kiwanda.

Hakumwambia mtu. Alichukua mashuka yaliyokwisha chakaa, akayatundika kibandani kwa ndani mpaka vioo vyote vikazibika. Alifuta meza, akaweka kiti chake chenye mto, na kesho yake akaja na kiboksi cha barafu kutoka nyumbani. Saa ya Mzazi ya kukamua ilipofika, alimnong'oneza aende kule juu na ajifungie. Yeye akateremka akasimama ukumbini.

Kusimama kulimtia adabu. Jioni miguu ilikuwa imemvimba, na joto la rola, ambalo alikuwa akiliona kwa mbali tu, lilimkausha koo. Isitoshe, maneno yalianza. Wengine walisema ameachishwa kazi na anaona haya kuondoka. Fundi wa mashine, ambaye hakuna jambo asilolifanyia mzaha, alitangaza kwamba Mama Kipenga anafuga kuku mle ndani. Mama Kipenga aliwaacha waseme. Siri ile ilikuwa ya Mzazi, si yake ya kuitoa.

Mwishowe habari zilimfikia meneja. Alikuwa kijana mpole, shati limenyooka daima, na jambo lolote la mwili lilimfanya atazame saa yake. Alishuka kutoka ghorofani, akavitazama vile vioo vilivyozibwa, akaanza kupanda ngazi. Mama Kipenga akamtangulia, akasimama mlangoni.

"Ndani kuna mtu, bosi."

"Mtu gani?"

Mzazi, kwa ndani, alikuwa amesikia. Yeye mwenyewe ndiye aliyejibu, sauti yake ikipita kwenye shuka: "Ni mimi, bosi. Nakamua maziwa ya mtoto. Namaliza sasa hivi."

Meneja akatazama saa. Akamvuta Mama Kipenga pembeni na kumweleza, kwa adabu zote, kwamba kibanda kile kiliwekwa vioo ili msimamizi aone mashine. Mtu akiungua nani atajibu? Mashuka lazima yashuke.

"Sawa," Mama Kipenga alisema. "Yatashuka. Nionyeshe tu aende wapi."

Meneja akasema nafasi zipo tele jengo zima. Basi Mama Kipenga akamwomba waende wakaziangalie pamoja.

Walianzia stoo ya sabuni. Meneja alifungua mlango, harufu ya dawa ya kung'arishia ikampanda puani, akaufunga macho yakimtoka machozi. Chumba cha boila kilikuwa moto kama tanuri, na mafundi walikuwa wamevua mashati. Stoo ya nguo safi ilikuwa wazi pande zote, na tena yeye mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku mtu kuingia mle na kitu chochote cha majimaji. Chumba cha kubadilishia nguo hakikuwa na mlango, pazia tu, na kila apitaye alilisukuma kwa bega. Hapo meneja akajikuna kisogo, akauliza choo kina ubaya gani.

"Wewe chakula chako cha mchana unakula wapi, bosi?"

Meneja akageukia ngazi. Walipanda ghorofani, wakapita korido, mpaka wakafika kwenye chumba cha wageni kilichopakana na ofisi yake. Meneja akaendelea na safari kama hakukiona. Mama Kipenga akasimama. Ilibidi arudi, atoe ufunguo mfukoni, afungue. Mlikuwa na sofa, zulia, friji ndogo iliyojaa maji ya chupa, na dirisha linaloingiza hewa. Vumbi jembamba lilikuwa limetanda juu ya meza.

"Hiki ni cha wageni," meneja alisema.

"Walikuja lini?"

Aliwaza. Aliwaza kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenyewe akaona aibu. Akasema apewe nafasi ya kufikiri, na mashuka ya kibandani yasiguswe kwanza. Mama Kipenga hakumsukuma zaidi ya hapo. Wiki iliyofuata, meneja alimpa ufunguo bila kumtazama usoni, akasema wageni wakija watakaa ofisini kwake.

Si wote waliofurahi. Mmoja wa wapiga pasi alinung'unika kwamba na yeye basi atashika mimba, akapumzike kwenye sofa. Mama Kipenga ilimbidi apange upya zamu za rola ili anayeshirikiana na Mzazi asibaki ameshika shuka peke yake, na mpango wa kwanza ulivuruga kazi mpaka wakaufuta. Fundi wa mashine alifunga komeo kwenye mlango wa chumba cha wageni, kwa ndani. Tangu siku alipoambiwa "kuku" wake walikuwa nani, alikuwa amepunguza mzaha kidogo.

Kizuizi cha mwisho kilikuwa nyumbani. Mama mkwe aligoma. Maziwa ya mama yaliyosafiri kwenye chupa, alisema, yeye hampi mjukuu wake. Nani ajuaye yamekamuliwa wapi na mikono gani imeyashika. Mzazi alieleza mpaka akachoka. Kisha mchana mmoja mlinzi wa getini akaja kusema kuna bibi hapo nje na mtoto mchanga, anataka kuonyeshwa hicho chumba.

Mama Kipenga alimpandisha mwenyewe. Yule bibi alipitisha kidole juu ya meza, akakitazama. Akafungua friji, akanusa. Akakalia sofa, akainuka, akakalia tena upande wa pili. Mzazi alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi.

"Pasafi," mama mkwe alisema hatimaye. "Mbona hukuniambia kama ni pasafi?"

Mzazi akampokea mtoto, akaketi, na mtoto akashika titi palepale, mguu mmoja ukichezacheza hewani. Mama mkwe akamuuliza Mama Kipenga yeye alizaa wangapi. Mama Kipenga alikuwa ameshika kitasa, kazi ikimngoja chini, mashuka ya hoteli nzima hayajapita kwenye rola. Akakiachia. Akaketi kwenye ukingo wa sofa na kuanza kumsimulia habari za yule wa kwanza, aliyezaliwa na nywele nyingi kama mtu mzima.