Mashimo ya Saa Kumi Alfajiri

Nesi alinipa kile kifaa ndani ya kiboksi cheupe. Tulipofika nyumbani mume wangu akakifungua, akachungulia, akasema, "Haya, mama wa watu, umeposwa uzeeni."

Alidhani ni saa. Na kweli kilikuwa na mkanda wa kuvaa mkononi kama saa, ila kwenye mkanda ulitoka waya mfupi, na mwisho wa waya palikuwa na kikofia laini cha kuvika kidole. Ndani ya kikofia mna kitaa chekundu. Ukikivaa, ukucha wote unawaka kama kaa lililofunikwa na majivu. Kinapima hewa ya oksijeni kwenye damu wakati mtu amelala, ndivyo nesi alivyonieleza, kisha asubuhi kinapeleka habari kwenye simu. Si simu yangu, maana yangu ni ya kubonyeza. Ni kwenye simu ya binti yangu, ambaye hukaa ng'ambo ya pili ya mji, na jinsi habari zinavyofika huko bila mtu kuzibeba mimi sijui, na niliyemuuliza naye aliishia kusema "ni mtandao, Mama," kama vile hilo ni jibu.

Yote yalianza na kuungua. Mimi ni mwoka mikate. Tanuri langu liko uani, la matofali, limesimama chini ya bati, na mlango wake ni wa chuma uliotolewa kwenye pipa. Siku hiyo unga ulikuwa umemwagika sakafuni, nikateleza, na katika kutafuta pa kushika nikauegemea ule mlango kwa mkono mtupu. Ngozi ikabaki pale. Nikapaka dawa, nikafunga kitambaa, nikatoa mikate yangu kabla haijaungua na yenyewe.

Binti yangu alipoona kile kitambaa, akakataa habari ya kuteleza. Yeye ni keshia wa duka la dawa, na tangu aajiriwe pale kila mtu kwake ni mgonjwa.

"Mama, hukuteleza. Ulizimia."

"Niliteleza, mwanangu. Unga ulimwagika."

"Umri wako huo, unaamka alfajiri kila siku, unakoroma mpaka jirani anajua. Wanaokoroma hewa inawakatikia usingizini, mchana wanaanguka. Nawaona kila siku."

"Sasa jirani alijuaje ni mimi ninayekoroma? Aliniletea taa?"

Hakucheka. Akanipeleka kliniki, na njiani akatoa hukumu yake: kipimo kikitoka kizuri, ataniacha na tanuri langu. Kikitoka kibaya, tanuri linazimwa, nami nahamia kwake, chumba cha nyuma, kitanda cha chuma, nikae nitazame televisheni. Nilikubali. Nilijijua sina ugonjwa.

Masharti ya nesi yalikuwa haya: nikivae ninapopanda kitandani, nisikivue mpaka saa moja asubuhi. Kikikosa mwili wa mtu kinalia, na kipimo cha usiku huo kinaharibika. Binti yangu akaongeza la kwake, kwamba wakati wote wa kupimwa nisioke. "Ulale kama watu, Mama. Niahidi."

Nikaahidi. Lakini mwenye duka la kona alikuwa ameshatoa oda yake, na kinyunya nilikuwa nimeshakilaza kwenye beseni tangu jioni, nimekifunika na kitambaa, kinaumuka. Saa kumi alfajiri macho yakafunguka yenyewe, kama kawaida. Nikakaa kitandani natazama kile kidole kinachowaka. Kukiacha kifaa mezani, kitalia. Kukanda nacho, waya utaingia kwenye unga. Pembeni yangu mume wangu amelala chali, mkono umening'inia nje ya kitanda, kidole kimenyooka kama anamwelekeza mgeni njia.

Nikamvalisha yeye.

Niliona nimetumia akili. Ni kama mtu anavyokushikia nafasi kwenye foleni ukaenda msalani. Jina langu na umri wangu nesi alishaviingiza mbele yangu, kwa hiyo kifaa kinanijua, na cha kwangu kimeshakipata tangu nilipolala. Hizi saa za alfajiri kinataka joto la mwili tu, kisilie. Mume wangu hakutikisika. Yule hata ukimvisha viatu na kofia usingizini haamki. Kabla ya saa moja nikanawa mikono, nikarudi chumbani, nikakivaa tena, nikalala na nguo zangu zinanuka moshi.

Nimtaje kidogo mume wangu, maana jina lake mtaani ndilo hilo hilo, Kidogo. Ni fundi viatu, ana meza yake barazani. Jina alipewa na wateja kwa sababu kila ukimkuta ameinamisha kichwa, atakwambia, "Nilifumba macho kidogo tu." Anaweza kulala na sindano mkononi. Kuna mteja aliwahi kujichukulia viatu vyake mapajani kwa mzee, akamwachia malipo ndani ya soli, akaenda zake. Tumecheka sana na hilo jina. Hata yeye analipenda.

Sasa, asubuhi ile ya kwanza simu ikalia.

"Mama! Uko hai?"

"Ningekuwa sipo ungeongea na nani?"

"Usinitanie. Umeamkaje? Kichwa kinauma? Kifua je?"

"Niko salama. Kwani vipi?"

Akashusha pumzi, nikaisikia. Akasema mwanzo wa usiku hewa yangu ilikuwa nzuri kabisa, tisini na sita, tisini na saba. Halafu alfajiri ikaporomoka. Ikapanda, ikaporomoka tena, mpaka sabini na kitu.

"Sabini si nyingi?" nikauliza.

"Mama, sabini ni mtu wa kukimbizwa hospitali!"

Nikatazama mikono yangu. Bado ilikuwa na unga kwenye mikunjo ya vidole. Alfajiri ile nilikuwa nimepepeta, nimekanda, nimeinua magogo, nimebishana na paka wa jirani juu ya siagi. Sikumwambia hayo, maana nilikuwa nimeahidi kulala. Nikasema, "Labda kifaa kilikaa vibaya." Akasema tuone kesho.

Kesho ikawa vile vile, na keshokutwa. Mwanzo wa usiku mzuri, alfajiri mashimo. Binti yangu akaanza kuongea nami kwa sauti laini, ile anayowapa wateja waliobeba vyeti vya magonjwa mabaya, na sauti hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Nikaanza kujisikiliza. Nikiinua trei, nasimama kwanza nione kama napumua. Nikipuliza moto, nasema, hii pumzi ninayoipuliza huenda ndiyo inayonipungukia. Nesi alikuwa ameniambia mtu anaweza kukosa hewa na asijue. Na mimi sikujua, basi huenda ndiyo dalili yenyewe! Siku moja niliketi kwenye kigoda mbele ya tanuri, mkono kifuani, mikate ikaungua upande mmoja wote. Haijawahi kunitokea.

Nikamwendea mume wangu barazani.

"Hebu niambie kweli. Nikilala, huwa napumua?"

Akavua miwani. "Mimi nikilala nimelala, mama. Nikupigie doria?"

"Nauliza kwa uzito."

"Ninachojua unanipiga kiwiko. Kwanza unanipiga unasema nakoroma. Nikinyamaza, unanipiga tena unasema nimenyamaza. Sasa mwanamke kama huyo ana upungufu wa hewa gani?"

Ningeelewa pale pale, lakini nilikuwa nimejishughulisha na kifua changu mwenyewe. Nikaona ananifanyia mzaha, nikaondoka nimenuna.

Siku ya kurudisha kifaa tulikwenda kliniki sote watatu. Mume wangu akabaki kwenye benchi la korido, akasema ataangalia mkoba wangu. Binti yangu alikuwa ameshafagia kile chumba cha nyuma, aliniambia hivyo kwenye ngazi, na shuka mpya amenunua.

Nesi akageuza kompyuta yake tuone. Ni mstari tu, mrefu, unatoka kushoto kwenda kulia.

"Bibi, huu ni usiku wako. Hapa umelala, unaona? Tambarare kama meza. Safi sana." Akasogeza kidole. "Halafu hapa ndipo shida. Haya mashimo. Kila shimo, pumzi imesimama kidogo, hewa inashuka, mwili unashtuka, unapumua tena. Na kila usiku yanaanza saa ile ile."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

Nikauangalia ule mstari. Ulikuwa kama msumeno.

"Saa kumi?"

"Saa kumi na dakika chache, bibi. Kila siku."

Kichwa changu kikawa kama beseni lililotikiswa. Saa kumi mimi siko kitandani. Saa kumi niko uani. Mtu aliyeko uani anapepeta unga hawezi kuwa anaacha kupumua kitandani, isipokuwa kama yuko pawili. Halafu ikanijia, na iliponijia nikasema kwa sauti kubwa, "Si mimi!"

"Mama, tulia," binti yangu akasema.

"Si mimi! Saa kumi huwa sikivai! Naoka!"

Akanigeukia. "Unaoka? Uliniahidi."

"Nilioka, ndiyo, utanigombeza baadaye. Mimi ni hapa, kwenye meza tambarare. Hapa kwenye msumeno si mimi!" Nilikuwa nacheka. Namuomba Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka, nikaona tanuri langu limerudi mikononi mwangu.

Nesi hakucheka. Akauliza taratibu, "Sasa bibi, kama si wewe, saa kumi kilikuwa kwenye kidole cha nani?"

Mlango ulikuwa wazi nusu. Tukageuka wote watatu kutazama korido.

Mume wangu alikuwa amelala kwenye benchi, ameukumbatia mkoba wangu wa kike, kichwa nyuma ukutani, mdomo wazi. Anakoroma. Mama mmoja aliyekaa karibu yake alikuwa anatabasamu, kama watu wote wanavyomtabasamia. Kisha mzee akanyamaza. Kifua kikawa kimya. Nikangoja. Nesi naye akangoja, ameinua kidole kimoja hewani kama anayetuzuia tusiseme. Binti yangu akanishika pale pale kwenye kidonda changu na sikusikia maumivu. Nikasema moyoni, pumua. Pumua, mzee. Yule mama wa benchi akaacha kutabasamu.

Ndipo mzee akashtuka, akavuta hewa kwa mlio kama wa kiti kinachoburutwa, akafumbua macho. Akatuona tumesimama mlangoni.

"Mbona mnaniangalia hivyo? Nilifumba macho kidogo tu."

Alipimwa yeye mwenyewe, usiku mzima, na mstari wake ulikuwa mbaya kuliko ule tulioonyeshwa. Akapewa mashine ya kupuliza hewa, na barakoa ya kuvaa puani wakati wa kulala. Binti yangu alifikiri atatuhamisha wote wawili sasa. Baba yake akamwambia, "Shuka zako nzuri, mwanangu, lakini hata kwako nitapumua kwa bomba hili hili." Basi likaisha hivyo. Kuhusu tanuri binti yangu hakusema tena neno, na kuhusu ahadi yangu alisema mengi.

Ila barakoa mume wangu anaivua. Haamki, anaivua tu usingizini, mkono unakwenda wenyewe. Na anaivua zaidi alfajiri, wakati ule ule wa mashimo. Nesi akasema mpaka azoee, ni vizuri mtu awe karibu yake hadi kuche.

Kwa hiyo siku hizi nalala mpaka jua litoke. Mwenye duka la kona alikuja mwenyewe kulalamika.

"Bibi, mkate saa tatu? Watu wameshakunywa chai, wameshakwenda kazini!"

"Wanywe ya saa nne."

"Nitatafuta mwoka mwingine."

"Mtafute. Ukimpata mwenye mkate kama huu, niletee na mimi nionje."

Akapunguza oda nusu. Tanuri ninalo, sikunyang'anywa, na bado kuna asubuhi nalitazama limepoa nikajiuliza nimelipata au nimelikosa. Sijui kupima hilo.

Saa kumi macho yanafunguka kama zamani. Nalala kimya, namsikiliza. Ile mashine inavuma polepole, na kwenye ufa wa dirisha giza linaanza kupauka. Juzi niligundua mikono yangu inakanda shuka, inakunja, inasukuma, bila mimi kuituma. Mume wangu akageuka na barakoa yake, akanitazama kwa jicho moja.

"Mama," akasema, sauti inatoka kama ndani ya ndoo, "mbona hujaamka? Unaumwa?"

"Hata sijui," nikamwambia. "Lala."

Akalala. Nikabaki nahesabu pumzi zake.