Nzi Wenye Sindano

Katika mashamba ya maembe ya Korhogo, mwenye shamba hagusi mtego wake wa nzi. Anayeutundika na kuufungua ni jirani aliyechaguliwa na mwenye shamba mwenyewe, asije akaambiwa kauchezea. Pê alimchagua Gnéré, wala hakujiuliza. Tangu usichana walikula kabato, ugali wa mahindi, sahani moja, na ni Pê aliyemfundisha kutofautisha nzi. Wote ni wa manjano, ila wa nyumbani ana madoa mabawani; yule mgeni, balaa lenyewe, mabawa yake maangavu kama kioo. Mgeni akionekana, lori la ushirika halibebi maembe ya shamba hilo msimu mzima. Shamba la Gnéré lilikuwa limeshafungiwa.

Asubuhi hiyo Gnéré alimwaga nzi wa mtego wa Pê kwenye kitambaa cheupe, mbele ya Zana, mkaguzi wa ushirika.

"Pole, mwenzangu. Mabawa hayana doa hata moja."

Pê aligeukia miembe yake. Maembe yote yale mitini, akayalilie wapi?

"Mama, sheria unaijua," Zana akasema. "Nafunga."

"Ngoja, mwanangu. Nami niwaone."

Akatoa kioo kipya cha kukuzia, akainama. Mabawa kweli maangavu. Akateremsha macho mkiani, akaona sindano. Wa pili, sindano. Wote majike, na sindano zao za kutagia mayai ndani ya embe. Dawa ya mtego ule huita madume tu. Jike hana haja nayo. Basi hawa wameletwa, na mtego uliguswa na mkono mmoja tu. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Gnéré, hawa umewakamata kwako, juu ya maembe, wakitaga."

"Mimi? Umerogwa?"

"Tazama mikia."

Gnéré hakutazama. Alimtazama Zana, akaguna.

"Ulitaka nifanyeje?" Gnéré akafoka. "Lori lipite kwangu limejaa maembe yako, mimi nikodoe macho? Nilitaka tufungiwe wote, Pê! Sahani moja, kama siku zote!"

Pê akainua kile kioo. "Nilikufundisha mabawa. Mikia nilikuwekea iwe somo la leo. Hata kioo hiki nilikununulia wewe."

Akakifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

"Tutatundika mtego mpya," Zana akasema taratibu. "Safari hii atakufungulia nani, Mama?"

Pê alitazama mashamba ya jirani, moja baada ya jingine, asipate jina la kutaja.