Bibi Aliyeachwa Getini

"Sikuimaliza," Gavin Pascoe alisema, huku akipaka siagi kwenye mkate. "Ile gemu ya Tamsin. Niliandika nimeimaliza, lakini sikuimaliza."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi mjini Devonport, manyunyu yameanza tangu alfajiri, na mkewe Noelene alikuwa anakaanga mayai. Alizima jiko kwanza.

"Ulifika wapi?"

"Getini. Mwanzo mwanzo tu."

"Na ule mwisho ulioupondaponda?"

"Niliukisia."

Siku za kazi Gavin aliuza rangi na misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Umaarufu wake ulikuwa mtandaoni, ambako kila Ijumaa aliwaambia watu gemu zipi za kompyuta zimetoka, zipi ziko njiani, na zipi wasizipotezee muda. Walimpenda kwa utani wake. Watengenezaji walimpelekea gemu kabla hazijaanza kuuzwa, na waandishi wote wa aina yake walikimbizana nani aseme kwanza. Sasa, gemu moja inaweza kumla mtu wiki nzima, na nyingine zimepanga foleni. Kwa hiyo Gavin alikuwa anaonja. Hata mpishi, alijiambia, hamalizi sufuria.

Gemu ya Tamsin iliitwa Ng'ambo. Tamsin Viney, binti wa hapohapo mjini, aliitengeneza peke yake chumbani kwake, miaka na miaka. Mchezaji anamsindikiza bibi mmoja, Bibi Ettie, kutoka nyumbani kwake mpaka mtoni, halafu anamvusha. Basi. Hakuna bunduki, hakuna zimwi. Sura na sauti, Tamsin alizichukua kwa bibi yake mzaa mama, alipokuwa hai. Gavin alimfikisha bibi kwenye geti la mbao, akabonyeza kitufe cha kumwambia "nisubiri hapa", akaenda kufungua gemu nyingine iliyokuwa na mazimwi ya kutosha. Kisha akaandika: "Njia nzuri, ila mwisho umepoa kama chai ya msibani." Watu wakacheka, wakaisambaza kila pembe, wakaacha kuinunua.

"Sasa mbona unaniambia leo?" Noelene aliuliza.

Gavin alielekeza kisu cha siagi dirishani. Bibi Ettie alikuwa amesimama getini kwao, kikapu mkononi.

Noelene alitoka na mwavuli akamwingiza ndani. Alikuwa bibi wa kawaida, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshikana, kwa kuwa Tamsin hakupata muda wa kuvitenganisha. Na sweta lake lilikuwa kavu. Kule kwake mvua haikutengenezwa.

"Karibu, Bibi. Nikupe chai?"

"Ahsante, mwanangu. Niliambiwa nisubiri."

"Na nani?"

Bibi alimtazama Gavin bila kinyongo chochote. "Na huyu."

Angemtukana ingekuwa nafuu.

Jirani yao, Mzee Merv, alikuja kurudisha ngazi, akamkuta bibi kakaa kwenye kochi. "Wa kwenye gemu huyu?" aliuliza. "Shemeji yangu kule Burnie alikuwa na farasi wa namna hii. Hali, hanyi, lakini haondoki. Mpeni chumba kinachopata jua."

Wakampa chumba kinachopata jua.

Gavin aliona dawa ya deni ni kulipa. Kama bibi anataka kuvushwa mto, mto upo, na kivuko kipo. Wakatoka. Lakini kila mchezaji anaijua laana ya watu wa kusindikizwa: ukitembea anakupita, ukikimbia unamwacha. Bibi Ettie hakuwa na mwendo mwingine. Gavin alishuka mtaa wa Rooke akitembea kidogo, akikimbia kidogo, akisimama, akirukaruka tena kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto.

"Gav!" mtu alipiga kelele kutoka kwenye duka la samaki. "Choo kiko upande wa pili, ndugu yangu!"

Walifika mtoni. Mwenye kivuko aliwashikia kamba, akawasubiri. Bibi Ettie aliutazama mto Mersey kwa makini, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Mto mzuri," alisema. "Ila si wangu."

Wakarudi, kwa mwendo uleule.

Jioni Gavin aliwasha kompyuta, akafungua Ng'ambo. Safari hii alidhamiria kabisa. Njia ilikuwepo, geti lilikuwepo, ndege walilia kwenye miti. Bibi hakuwepo. Alikuwa chumba cha pili, bado ameshika kikombe cha chai alichopewa asubuhi. Gavin aliuliza mtandaoni kwa ujanja kama kuna mwingine aliyepata tatizo hilo. Wote waliolipata walikuwa wale wachache walioinunua. Waliingia, wakakuta geti tupu, wakatoka.

"Gav, ulisema kweli," waliandika. "Hii gemu haina hata mwisho."

"Gav, umetuokoa, kaka."

Gavin alizijibu shukrani zote kwa alama ya kidole gumba.

Siku mbili baadaye akamfuata Tamsin. Tamsin alikuwa ameacha kutengeneza gemu, sasa anafanya kazi nje ya mji, kwenye banda la kupakia vitunguu. Alimkuta nje amekaa juu ya kreti, anakula mkate. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini pale kila mtu alikuwa na macho mekundu.

"Tamsin, bibi yako yuko kwangu."

"Nilijua yuko kwa mtu. Getini hayupo." Alikunja karatasi ya mkate. "Anakunywa chai?"

"Hanywi. Anashika kikombe."

"Ndivyo alivyokuwa. Chai kwake ilikuwa ya kupasha mikono." Alicheka kidogo. "Ulimwacha kwenye geti gani?"

"Kwani yako mengi?"

Tamsin alimtazama. Gavin alijiona yeye ndiye asiye na vidole vilivyomalizika.

"Gav, mimi sikudai gemu wala nini. Andika tu hukufika. Neno moja. Pengine atarudi, pengine hatarudi, sijui, sikumtengeneza aje huku. Lakini watu waache kusema mwisho wa bibi yangu umepoa. Hakuna aliyeuona."

"Ijumaa," Gavin alisema. "Naandika Ijumaa hii. Haki ya Mungu."

Ijumaa alikaa kuandika. Aliandika "Hukufika", akafuta, akaandika "Sikufika", akaitazama. Akikubali hii, watauliza ile. Na ile nyingine. Na ile aliyoisifu mpaka watengenezaji wakaweka maneno yake kwenye boksi lake. Tena siku ileile kampuni moja kubwa ilikuwa imempelekea gemu yake ya majoka, inayosubiriwa dunia nzima, waandishi wachache tu ndio wameipata, wale wenye kuaminika. Gavin akaandika kuhusu majoka. Utani ulimtoka vizuri kuliko siku zote. Maneno ya Tamsin akayaweka pembeni mpaka Ijumaa nyingine, na Ijumaa nyingine ilikuwa na gemu yake.

Noelene alikuwa akisoma begani kwake.

"Wapo wengine?" aliuliza.

"Wengine gani?"

"Uliowaambia wasubiri."

Gavin aliondoka kwenda kuosha vyombo, ingawa vilikuwa vimeoshwa. Kesho yake Noelene alirudi kutoka mjini na viti vya plastiki, akavipanga barazani, hakusema ni vya nani.

Jumapili Tamsin alikuja. Alikuwa amechana nywele na kununua keki za nazi zilizochovywa chokoleti. Bibi Ettie alisogea kwenye kochi kumpa nafasi.

"Karibu, binti. Umetoka mbali?"

"Si mbali sana," Tamsin alisema.

"Miguu ya ujana hiyo. Mimi nimeambiwa nisubiri."

Wakaongea habari za hali ya hewa. Wakaongea habari za nazi. Noelene alimvuta Tamsin jikoni, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mbona anakuita binti tu? Hakujui?"

"Bado. Nilimtengeneza hivyo." Tamsin alikuwa anapanga keki kwenye sahani, moja moja. "Njia nzima ananisahau. Ananikumbuka ng'ambo, akishavuka. Nimejichora nimesimama pale, mlango wa nyumba uko wazi, ananiita kwa jina. Ndio mwisho wenyewe."

Gavin alikuwa kwenye korido na aliyasikia yote. Kompyuta yake ilikuwa wazi chumba cha mbele, hatua chache tu, gemu mpya inajipakua, mstari wa kijani unasogea taratibu. Aliingia chumbani. Akakaa. Akatazama ule mstari mpaka ukajaa, akabonyeza anza.

Tamsin alirudi na sahani, akaketi palepale alipokuwa. Bibi Ettie alichukua keki kwa adabu, akaiweka gotini bila kuila.

"Wewe unaonekana mtu wa kutembea tembea, binti," alisema. "Ukikutana na mjukuu wangu, mwambie asifunge mlango."