Kamba ya Mbuzi wa Koko Marthe

Tegueni, wajukuu: amebeba ukoo mzima tumboni, lakini yeye hamjui hata mmoja. Mmeshindwa? Ni kaye, daftari lile la shule. Mwaka wa 1956, hapa Baraka, kaye nusura inikoseshe mume.

Zamani, kabla ya mahari kupokelewa, familia mbili zilikwenda kwa koko yangu, yaani bibi yangu, Marthe. Alikuwa na kamba ya mafundo, kila fundo mtu mmoja. Aliipitisha vidoleni akitaja mababu, aone kama damu zinagusana. Kisha Anatole, katekista wetu, akaja na kaye. Siku tatu koko alitaja, yeye akaandika.

"Sasa kichwa yako iko humu, mama. Pumuzika."

Koko akapumzika kweli. Kamba akaifungia mbuzi.

Eugène wa Makobola aliponiposa, wazee walikaa, Anatole akafungua kaye. Kidole chake kikashuka, kikasimama.

"Hapa iko jina Atosha. Ni yeye alizaa babu ya Constance. Na ni yeye alizaa babu ya Eugène. Hawa ni ndugu. Ndoa hakuna."

"Constance, kaye imekula bwana yako!" mjomba Albert akacheka. Mimi machozi.

"Koko, ni kweli?"

Alifumba macho. "Sijui, mama. Tangu nilipeana ile maneno, nikitafuta ndani naona tu Anatole anaandika."

Moyo wangu ulikataa. Koko alipokuwa akitaja, alisita, alirudi nyuma, aligombana na kamba. Karatasi hii mbona haisiti hata mara moja? Nikatoka mbio nyuma ya nyumba, nikamfungua mbuzi. Ncha ya kamba ilikuwa imetafunwa. Nikamwekea koko kamba hiyo mapajani.

Vidole vikaanza kutembea, midomo ikafuata. Ghafla vikasimama.

"Hapa iko mafundo mbili, zimekaribiana. Atosha mukunga, huyo ni wetu. Siku moja kule Makobola alipokea mutoto mwanamuke, wazazi wakamupa mutoto jina lake, vile tunafanyaka kwa mukunga. Huyo mutoto ndiye alizaa babu ya Eugène. Jina moja, damu mbalimbali!"

Anatole akakuna kichwa. "Mama, ulitaja Atosha mara mbili. Nilizani unarudilia, nikafuta moja."

"Ukafuta muntu muzima, we Anatole! Na hukuniuliza?"

Mahari ikapokelewa siku ile ile. Watu walipiga vigelegele, Albert wa kwanza. Koko peke yake hakuinuka. Kidole gumba chake kilikuwa kwenye ncha ile iliyotafunwa, kikitafuta. Mafundo matatu yalikuwa yameliwa, na majina yake sasa yalikuwa kwenye kaye tu.

"Anatole," akasema, "kaa. Nisomee."

Akaanza kufunga mafundo upya. Kila jina alimuuliza mara mbili.